Kiti cha mwami kipo, baraza lake liko wapi?

Mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, na katika vijiji vinavyouzunguka, shamba moja au kiwanja kimoja mara nyingi huwa na karatasi mbili. Ya kwanza hutoka kwa kapita, mkuu wa kijiji, au kwa chifu wa grupema, kundi la vijiji. Ina muhuri wa wino, majina ya mashahidi watatu au wanne, na nyuma yake kuna yale yasiyoandikwa: mbuzi, kaziye ya bia ya Primus na bahasha. Ya pili hutoka ofisi ya kadastri, nayo ina ramani, namba na saini ya mhifadhi wa hati. Karatasi hizo zikibeba jina la mtu mmoja, mwenye mali hulala usingizi. Zikibeba majina mawili, kesi imeshaanza, hata kama wenyewe bado hawajajua.

Karatasi ya kwanza ndiyo inayotafutwa na watu wengi kuanzia Makobola kando ya Ziwa Tanganyika hadi Luvungi kwenye njia ya Bukavu. Ndiyo ya bei nafuu, ndiyo ya karibu, na ndiyo majirani wanayoiheshimu. Dola imepita katika mikono mingi tangu mwaka 1960, lakini mlango wa mwami, mtawala wa kimila, haujafungwa. Kwa hiyo ubishi wa kama umwami ufutwe au utukuzwe ni ubishi wa kupoteza muda. Umwami upo na utaendelea kuwapo. Kasoro yake iko kwingine: umebaki na kiti na muhuri, ukapoteza baraza lililokuwa likiudai hesabu. Mpaka baraza hilo lirudi, kaya za Uvira zitaendelea kulipa mara mbili kwa ardhi moja, na mara nyingine kuilipia kwa damu.

Sheferi tatu, teritwari moja

Teritwari ya Uvira ina sheferi tatu, kila moja na mwami wake. Ya Wavira imeshika ukingo wa ziwa na milima inayoutazama mji. Ya Wafuliiru ina makao yake Lemera, milimani, na inashuka hadi bondeni. Ya tatu ni ya Bonde la Ruzizi, iliyojulikana kwa miaka mingi kama sheferi ya Warundi, na makao yake ni Luberizi. Kila sheferi imegawanywa katika grupema, na kila grupema katika vijiji vyenye makapita. Ukivuka kusini na kuingia Fizi mpango unabadilika: hakuna sheferi, kuna sekta nne, Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge. Mkuu wa sekta hakai kwa damu ya ukoo, ingawa wazee wa koo za Wabembe bado husikilizwa ardhi inapogombewa.

Kazi za mwami zinaweza kuwekwa katika mafungu matatu. La kwanza ni ardhi: yeye na watu wake ndio wanaogawa mashamba, wanaoshuhudia mauzo na wanaojua mpaka wa ukoo huu na ule. Mfugaji anayeshusha ng'ombe kutoka nyanda za juu wakati wa kiangazi huwatolea wenye eneo itulo, ng'ombe au fedha, ili apate malisho. La pili ni ugomvi. Tribunali ya amani ipo, lakini wakili ana bei, nauli ina bei, na hukumu huchelewa. Mbele ya chifu wa grupema shauri linaweza kuisha kwa siku moja chini ya mti. La tatu ni kumbukumbu: nani alifika lini, nani alimpokea nani, kaburi la nani liko wapi. Masimulizi ya Wahamba, ukoo unaotawala Wafuliiru, huanzia safari kutoka Lwindi, na masimulizi hayo yana uzito wa hati miliki kila mpaka unapojadiliwa.

Juu ya hayo matatu, sheria ya nchi imeongeza la nne. Katiba ya mwaka 2006 inaihesabu sheferi kuwa mamlaka ya serikali za mitaa, sawa na mji, komini na sekta. Mwami basi anatoza ushuru sokoni, anasimamia njia na afya, anaandika ripoti kwa wakubwa. Mtu mmoja amevaa kofia ya mababu na kofia ya serikali kwa wakati mmoja. Mwananchi anayesimama mbele yake atajuaje ni kofia ipi inayosema naye leo?

Jinsi mwami alivyofundishwa kutazama juu

Kabla ya bendera ya Ubelgiji kufika, mwami wa pande hizi hakutawala peke yake. Alizungukwa na wazee wa koo waliomtawaza, wakatunza siri na alama za ufalme, na kumwambia ukweli ambao mtu wa kawaida asingethubutu kuutamka. Kwa majirani zao Washi, wazee hao huitwa bajinji, na mama wa mwami, mwamikazi, angeweza kushika utawala mtoto wake akiwa mdogo. Mtawala aliyewachosha watu wake alikuwa na adhabu moja ya hakika: watu walihama. Ardhi ilikuwa nyingi kuliko watu, na mwami asiye na watu hakuwa mwami. Penye wazee haliharibiki neno, na penye njia ya kuondoka mtawala hujifunza adabu.

Amri za kikoloni za mwaka 1906 na 1910 zilikata nchi vipande na kumpa kila chifu mpaka uliochorwa, medali shingoni na kazi ya kukusanya kodi. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ilikamilisha mpango huo kwa kuunda sekta pale ambapo Wabelgiji waliona machifu ni wadogo mno. Mpaka wenyewe wa Ruzizi ulikubaliwa na Wazungu mwaka 1910, ukaacha watu wa lugha moja na koo zilezile pande zote mbili za mto. Tangu hapo mwananchi hakuweza tena kumhama mwami mbaya, kwa sababu kuhama kulihitaji kibali. Naye mwami hakuhitaji tena kuwapendeza wazee. Ilitosha kumpendeza msimamizi wa teritwari. Aliyekataa aliondolewa. Mwami Rugemaninzi wa Kabare, katika Bushi, alipelekwa uhamishoni na Wabelgiji mwaka 1936, na machifu wengine wakajifunza kutokana na yaliyompata.

Uhuru haukugeuza mwelekeo huo. Katika sheferi ya Wafuliiru, upinzani dhidi ya Mwami Henri Simba, ukiongozwa na mzee Musa Marandura, uliungana na uasi wa mwaka 1964, na mwezi Mei mwaka huo mji wa Uvira ukaangukia mikononi mwa waasi. Vitabu vingi huueleza uasi huo kwa lugha ya Lumumba, Mulele na vita baridi. Wazee wa bondeni huukumbuka pia kama ugomvi wa watu na mwami wao, ugomvi ambao haukuwa na baraza la kuupokea ukaishia kwenye mikuki.

Rais Mobutu naye alijaribu njia yake. Sheria ya Januari 1973 ilikusudia kuwafanya machifu watumishi wa serikali wanaoweza kuhamishwa kama mwalimu au askari, wa Kivu aende Kasai, wa Kasai aje Kivu. Jaribio hilo halikufika mbali. Chifu aliyepelekwa ugenini hakuwa na kaburi la babu wala mtu wa kumsikiliza, na mpango ukaachwa kimyakimya. Funzo lake halikusomwa vizuri: kama dola haiwezi kuuhamisha umwami, haiwezi pia kuwa peke yake inayoudai hesabu.

Kipimo cha Waakan

Nje ya Maziwa Makuu, mfano unaotajwa mara nyingi uchifu unapojadiliwa barani ni ule wa Waakan wa Ghana na Côte d'Ivoire: Waasante, Wafante, Waakyem, Wabono, Wabaule na wenzao. Wao pia walitawaliwa na Wazungu, wao pia wana machifu ndani ya jamhuri. Tofauti iko katika mpango wa ndani.

Kwa Waakan, utawala unakaa katika kiti cha kuchongwa, na mtu ni mshika zamu tu. Kiti cha Dhahabu cha Waasante, kinachohusishwa na kuhani Okomfo Anokye na Mfalme Osei Tutu wa kwanza, hakikaliwi na yeyote, hata mfalme mwenyewe. Mwaka 1900 gavana Mwingereza, Frederick Hodgson, alidai aletewe kiti hicho akikalie. Jibu lilikuwa vita vilivyoongozwa na mwanamke, Yaa Asantewaa, malkia mama wa Ejisu. Mfalme Prempeh wa kwanza, aliyekwisha kukamatwa mwaka 1896, alipelekwa Ushelisheli na hakurudi mpaka mwaka 1924. Kiti kilifichwa kwa miaka mingi, na taifa halikuvunjika.

Urithi hupita upande wa mama, na mwenye haki ya kumpendekeza chifu mpya ni malkia mama, ohemaa. Analeta jina, wazee wanaotawaza wanaweza kulikataa, akaleta jingine. Jina likikubaliwa, mteule huinuliwa na kushushwa mara tatu juu ya kiti cha mababu. Kisha huja sehemu ambayo ni roho ya utaratibu wote. Msemaji wa baraza husimama mbele ya umma na kumhesabia chifu mpya masharti ya watu wake: asiwatukane, asiwe mlafi, asiamue jambo bila kusikiliza wazee, asiuze ardhi kwa siri. Chifu hujibu amesikia, na hula kiapo. Akivunja kiapo, waliompandisha wana mamlaka ya kumshusha. Siku ya kushushwa huvuliwa makubadhi, nyayo zake ziguse ardhi ambayo miguu ya chifu hairuhusiwi kuigusa, na kuanzia saa hiyo ni mtu kama wengine.

Katiba ya Ghana ya mwaka 1992 imeuwekea utaratibu huo kinga na mipaka. Kifungu cha 270 kinalinda uchifu na kulikataza bunge kutunga sheria inayompa mtu au ofisi yoyote uwezo wa kumtambua chifu au kumwondolea utambuzi. Kinga hiyo ilitokana na uchungu: mwaka 1958 serikali ya Kwame Nkrumah ilimwondolea utambuzi Okyenhene, mfalme wa Akyem Abuakwa, aliyeonekana kuwa upande wa wapinzani. Kifungu cha 276 kinamkataza chifu kuingia siasa za vyama. Kifungu cha 267 kinazungumzia fedha: mapato ya ardhi za viti hukatwa asilimia 10 ya uendeshaji, na kinachobaki hugawanywa asilimia 25 kwa kiti, 20 kwa baraza la kimila na 55 kwa halmashauri ya wilaya. Kila mwenye shamba anaweza kuuliza fungu lake limekwenda wapi, kwa sababu fungu lina namba.

Hii haimaanishi kwamba Ghana ni pepo ya machifu. Pembezoni mwa Kumasi mashamba ya wakulima yameuzwa viwanja na machifu walewale walioapa kuyatunza, na mahakama zimejaa kesi za nani mrithi halali. Kushushwa kwa machifu kumetumiwa pia kama silaha ya matajiri na wanasiasa. Lakini mkulima wa huko anapolalamika ana mlango wa kubisha ndani ya mila yenyewe: malkia mama, wazee, baraza la kimila, mpaka Baraza la Taifa la Machifu lililoko Kumasi. Mkulima wa Kigongo au wa Kiliba, huku Uvira, atabisha wapi?

Baraza la karatasi

Kwa sheria, jibu lipo. Katiba ya Kongo, katika kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya kimila ilimradi mila isipingane na sheria, na inayapa wajibu wa kujenga umoja wa taifa. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 kuhusu serikali za mitaa inasema kila sheferi iwe na baraza lenye wajumbe waliochaguliwa kwa kura za wananchi, lijadili bajeti na kusimamia kazi za mwami. Sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 ikaeleza hadhi, haki na wajibu wa machifu wa kimila.

Kwa vitendo, uchaguzi wa mabaraza ya sheferi haujawahi kufanyika. Marais wamechaguliwa, wabunge wamechaguliwa, lakini mjumbe wa baraza la sheferi, ambaye ndiye angeuliza ushuru wa soko la Jumatano umekwenda wapi, hajapigiwa kura hata mara moja. Baraza la mila lilidhoofishwa na mkoloni. Baraza la sheria limebaki kwenye makaratasi ya Kinshasa. Kati ya mabaraza hayo mawili yasiyokuwepo, mwami na makapita wake wamebaki peke yao na muhuri.

Kuna tofauti nyingine na Ghana. Chifu wa Kongo hawi chifu kamili mpaka serikali itoe hati ya kumtambua. Familia ikigawanyika kuhusu mrithi, kila upande hufunga safari kwenda Kinshasa kutafuta saini. Anayeshinda mara nyingi ni yule mwenye nauli na mtu wa kumpigia simu. Atakaporudi nyumbani, atawasikiliza wazee waliomkataa au wakubwa waliomsainia? Mkono mtupu haulambwi, na mwenye kulipia saini atatafuta mahali pa kurudishia gharama zake. Mahali hapo ni ardhi.

Mzigo unapotua

Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya dola. Ilikubali pia kwamba mashamba ya vijijini yana wenyewe wanaoyakalia kwa mila, na ikaahidi kuwa agizo la rais lingeeleza haki zao. Zaidi ya miaka 40 ikapita bila agizo hilo. Katika pengo hilo ndimo karatasi mbili za Uvira zilimozaliwa. Kapita anauza kwa haki ya mila, kadastri inauza kwa haki ya dola, na kila mmoja akiulizwa anamnyooshea mwenzake kidole.

Wa kwanza kuumia ni mjane. Mume anapofariki, shamba la mihogo au kipande cha mpunga bondeni huwa bado kiko kwa jina la baba mkwe, au halina jina kabisa isipokuwa kumbukumbu ya kapita. Mashemeji wakitaka kuuza, huitana, humpelekea kapita chochote, na karatasi mpya hupatikana kabla ya arobaini kwisha. Katiba inasema mwanamke na mwanamume ni sawa. Lakini katika kikao cha kijiji mwanamke huitwa atoe ushahidi, hakaribishwi kukaa na wanaoamua.

Wa pili ni kijana. Anataka kuoa, anataka kulima, na mashamba ya ukoo yamekwisha kugawanywa au kuuzwa kwa watu wa mjini. Asipopata jembe atapata bunduki, kwa maana bondeni na milimani makundi yenye silaha hayakosi nafasi. Wa tatu ni mchuuzi. Kwenye barabara namba 5, kati ya Uvira na Bukavu, vizuizi vya ushuru ni vingi, na risiti nyingine hazisemi fedha zinaingia mfuko gani. Mama mwenye ndoo za ndagala hulipa kila kamba inapoinuliwa, kisha huongeza bei sokoni, na mlaji ndiye anayemalizia deni.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutumiwa dukani, lakini inafaa zaidi katika ua wa chifu. Mauzo mengi ya ardhi ya kijiji hayaandikwi popote isipokuwa kwenye karatasi aliyobeba mnunuzi. Kapita akifa, au kijiji kikikimbia vita, ushahidi unakufa au unakimbia naye. Wakimbizi wanaporudi kutoka Burundi au Tanzania na kukuta mtu mwingine analima mahali pao, hakuna kitabu cha kufungua. Kuna sauti tu, na sauti kubwa hushinda.

Kiti kinapogombewa kwa bunduki

Madhara makubwa zaidi huonekana kiti chenyewe kinapogombewa. Vita vya mwaka 1998 vilionyesha jinsi mwami alivyo shabaha: Agosti mwaka huo, huko Kasika katika teritwari ya Mwenga, Mwami wa Lwindi aliuawa pamoja na mke wake na mamia ya raia. Aliyempiga mwami alijua anapiga kumbukumbu ya jamii nzima.

Bondeni, historia ya sheferi ya Luberizi imebeba ubishi tangu enzi za Wabelgiji. Wafuliiru wengi husema ardhi ile ni ya kwao na sheferi ilichongwa na mkoloni. Warundi wa bonde hujibu kwamba wao ni wenyeji, na kwamba mpaka ndio uliowapita wao. Mwezi Aprili 2012, mwami wa sheferi hiyo, Floribert Ndabagoye, aliuawa. Mzozo wa nani akalie kiti, nani aongoze grupema na ng'ombe wa nani wapite wapi ukashika moto. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, watu wasiopungua 30, wakiwemo wanawake na watoto, waliuawa Mutarule, baadhi yao wakiwa kwenye ibada. Milimani, uongozi wa grupema ya Bijombo umegombewa vivyo hivyo kati ya jamii zinazokaa humo, na kila ubishi wa kiti umewapa wenye silaha sababu nyingine ya kubaki.

Kaskazini mwa Ghana, nje ya Waakan, uliwahi kutokea msiba unaofanana. Mwezi Machi 2002 Ya-Na Yakubu Andani wa pili, mfalme wa Wadagomba, aliuawa Yendi pamoja na watu wake wengi, katika ugomvi wa nyumba mbili za kifalme. Serikali iliwapa kazi ya usuluhishi wafalme watatu, wakiongozwa na mfalme wa Waasante, Otumfuo Osei Tutu wa pili. Ilichukua zaidi ya miaka 15. Hatimaye, Januari 2019, Ya-Na mpya alitawazwa na nyumba zote mbili zikamtambua. Hakukalishwa kwa mtutu wa bunduki. Kilichofanya kazi ni subira, na wasuluhishi wenye hadhi sawa na wanaogombana. Kivu Kusini ina bami (mwami kwa wingi) wengi: wa Kabare, Ngweshe, Kaziba, Burhinyi na wengineo. Kwa nini wasikae kwa niaba ya Luberizi, badala ya kila upande kusubiri saini ya Kinshasa?

Mji uliozaliwa ndani ya sheferi

Jambo jipya limeongezeka. Amri ya mwaka 2013 iliipa Uvira hadhi ya mji wenye meya na komini zake. Kilichokuwa kitovu cha eneo la Wavira sasa ni mamlaka nyingine yenye bajeti yake na ushuru wake. Kwa mkazi wa Mulongwe au Kalundu, hilo lina maana ya ofisi mpya ya kulipia. Kwa sheferi, lina maana ya kupoteza soko, bandari na viwanja vyenye bei. Anayebaki na milima bila mji atatafuta mapato milimani.

Mafuriko ya Aprili 2020, Mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba, yalifunua gharama ya mkanganyiko huo. Viwanja vya kando ya mto viliwahi kuuzwa na mtu, vikashuhudiwa na mtu, na vingine vikapigwa muhuri. Maji yaliposhuka, familia zilizopoteza nyumba hazikuwa na ofisi moja ya kuulizia kwa nini ziliruhusiwa kujenga pale. Mila ilisema ni kazi ya serikali. Serikali ilisema wenyeji waliuziana.

Wanaosema umwami ufutwe

Wapo wasomi wa Uvira wanaoona dawa ni kuuzika umwami: jamhuri haina damu ya bluu, wanasema, na Mkongo wa leo achague kila kiongozi wake. Hoja yao ina nguvu, lakini mfano wa jirani unaipunguza. Fizi ina sekta, haina sheferi, na bado haijapata mkuu wa sekta aliyechaguliwa kwa kura, kwa sababu uchaguzi wa ngazi hiyo haujafanyika huko pia. Wakuu huteuliwa. Ugomvi wa ardhi haukupungua kwa kukosekana mwami, na watu wanaendelea kuwatafuta wazee wa koo pindi kesi inapowachosha.

Wapo pia wanaosema mila isiguswe, kwa kuwa kuidai hesabu ni kuiga Wazungu. Hawa wanasahau kwamba mwami asiye na wazee wa kumzuia ndiye zao la Wazungu. Mila ya zamani ilimfunga mtawala kwa kiapo, kwa wazee na kwa hofu ya watu kuhama. Anayetetea kiti bila kutetea baraza anatetea amri ya mwaka 1933.

Yanayoweza kufanyika bila kusubiri Kinshasa

Hatua za kwanza hazihitaji mamilioni. Kila grupema iwe na daftari la ardhi, lenye kurasa zilizopigwa namba, nakala moja kwa chifu, moja kwa sheferi, moja kwa teritwari. Kila mauzo yaandikwe mbele ya majirani wa pande nne, na jina la mke liandikwe kando ya jina la mume. Ada ijulikane na ibandikwe ukutani, ili zawadi isiwe bei.

Bami wenyewe wanaweza kuunda mabaraza ya muda ya wazee wa koo zote zinazoishi katika eneo, wenyeji na waliofika baadaye, na wanawake wakiwa wajumbe wenye sauti. Hakuna sheria inayowakataza kusoma hesabu ya ushuru mbele ya watu kila baada ya miezi mitatu. Siku ya kutawazwa mwami mpya, masharti ya watu yasomwe hadharani, kama Waakan wanavyofanya, na yaandikwe, ili atakayeyavunja asiseme hakuyasikia.

Serikali ina deni lake. Iitishe uchaguzi wa mabaraza ya sheferi ambao sheria imeuahidi tangu mwaka 2008. Iache kugawa hati za utambuzi wakati familia na wazee hawajakubaliana. Mwami anayetaka ubunge apige kampeni kama watu wengine, na anayefuga kundi la wenye silaha apoteze hati yake siku hiyohiyo.

Wakati hayo yanasubiriwa, mwenye nyumba ana haki yake ya leo: asitoe fedha ya ardhi bila risiti yenye jina na tarehe, asikubali shahidi mmoja, asikubali jina la mkewe liachwe. Cheo ni dhamana, na anayekabidhi dhamana ndiye mwenye haki ya kuiulizia. Mwami wa Uvira atakayekubali kuulizwa atakuwa ameirudisha mila mahali ilipokuwa. Atakayekataa, asiwalaumu watu watakapoacha kupita mlangoni kwake.